Tusisubiri Mashine Ndipo Tupandikize Ngozi

Msafiri atokaye Moshi kuelekea Same hupita Kifaru akiwa na milima ya Upare ya Kaskazini upande wake wa kushoto, na upande wa kulia nyika inayoteremka kuelekea bwawa la Nyumba ya Mungu. Jua linapotua, moshi wa kuni huanza kupanda kutoka majikoni. Ndani ya jiko mna mafiga matatu, sufuria ya uji unaotokota, na mara nyingi mtoto wa miaka miwili ambaye ndiyo kwanza anajifunza kushika kila kitu kilicho mbele yake. Mazingira haya si ya Kifaru peke yake. Ni ya Usangi, Ugweno, Lembeni na Hedaru, na ya vijiji vingi vya nchi yetu. Mwalimu aliyefundisha vijijini kwa muda wa kutosha huenda amepata kumwona darasani mwanafunzi aliyetoka katika jiko la namna hiyo akiwa na mkono usionyooka.

Mkono huo haukupindwa na moto. Moto huunguza ngozi kwa sekunde chache tu. Kilichoupinda ni miezi iliyofuata, wakati kidonda kilipobaki wazi kikingoja ngozi ambayo haikuja. Kidonda kikubwa kisichofunikwa hujaribu kujifunga chenyewe kwa kuvuta kingo zake zikaribiane. Kikiwa kwenye kiwiko, huuvuta mkono wote. Kikiwa shingoni, huvuta kidevu hadi kifuani. Mtoto aliyeingia hospitalini na jeraha la moto hutoka na ulemavu, na ulemavu huo huandamana naye shuleni, shambani na katika kila kazi atakayoitafuta.

Makala haya yana hoja moja. Ufundi wa kufunika vidonda kwa vipande vya ngozi ya mgonjwa mwenyewe hauhitaji mashine. Vifaa vyake vya msingi ni sindano, wembe, koleo ndogo, shashi na mikono iliyofunzwa. Ufundi huo ungeweza kupatikana katika kila hospitali ya wilaya, na kwa vidonda vidogo hata katika kituo cha afya chenye chumba cha upasuaji. Kuuahirisha hadi siku tutakapopata mashine za umeme ni kosa, na deni la kosa hilo hulipwa na watoto.

Jinsi ngozi inavyopona

Ili kuielewa hoja hii, hatuna budi kwanza kuielewa ngozi yenyewe. Ngozi ya mwanadamu ina matabaka mawili makubwa. Tabaka la nje ni jembamba, halina mishipa ya damu, na seli zake huzaliwa chini na kupanda juu hadi zikafa na kupukutika. Tabaka la ndani ni nene na imara zaidi. Humo mna mishipa ya damu, neva, tezi za jasho na mizizi ya nywele. Jambo la kukumbukwa ni hili: mizizi ya nywele na tezi za jasho zimezungukwa na seli za aina moja na zile za tabaka la nje, nazo zimezama ndani kama mbegu zilizofukiwa ardhini.

Kwa sababu hiyo jeraha la juu juu hupona lenyewe. Hata tabaka la nje likiungua lote, seli zilizofichama katika mizizi ya nywele hutambaa, hukutana, na kuifunika sehemu iliyo wazi kwa muda wa majuma mawili au matatu. Lakini moto ukipenya hadi chini ya mizizi hiyo, mbegu zote zimekwisha kuungua. Ngozi mpya haina mahali pa kutokea isipokuwa kwenye kingo za kidonda, nayo hutambaa polepole sana. Kidonda kidogo huweza kufungwa kwa njia hiyo. Kidonda chenye upana wa kiganja hukaa wazi kwa miezi, hutoa maji yenye protini, hukaribisha bakteria, humwondolea mgonjwa hamu ya kula, na humfanya awe dhaifu kuliko alivyokuwa siku ya kwanza.

Hapo ndipo ngozi inapopaswa kupandikizwa. Mpasuaji huchuna ngozi nyembamba kutoka mahali penye afya, aghalabu pajani, akaiweka juu ya kidonda kilichosafika. Kwa siku moja au mbili za kwanza ngozi hiyo haina damu yake. Huishi kwa kufyonza majimaji yanayotoka kwenye kidonda. Kisha vimishipa vya damu vya kidonda huungana na vile vya ngozi iliyohamishwa na vipya huota, na kufikia siku ya 5 hadi ya 7 ngozi hiyo inapitisha damu na imeshikamana na makao yake mapya. Nako pajani palipochunwa, madhali uchunaji haukufika chini ya mizizi ya nywele, ngozi huota tena yenyewe. Paja huwa kama kitalu kinachotoa miche na kubaki na mbegu.

Mgonjwa hana budi kupewa ngozi yake mwenyewe. Ngozi ya mtu mwingine, hata ya mama mzazi, hushika kwa siku kadhaa tu. Baadaye mwili huitambua kuwa ni ngeni na kuikataa. Ni mapacha wafananao tu wanaoweza kupeana ngozi ikadumu.

Njia iliyoanza kwa ncha ya kisu

Watu wengi hudhani kuwa upandikizaji wa ngozi ni matunda ya hospitali kubwa za kisasa. Historia yasema vingine. Mwaka 1869, katika hospitali moja ya Paris, tabibu kijana kutoka Uswisi aitwaye Jacques-Louis Reverdin aliinua vipande vidogo sana vya ngozi kwa ncha ya kisu, akavipanda juu ya kidonda kilichokuwa kikipona. Vipande hivyo vilishika, na kila kimoja kikawa kisiwa kilichopanuka na kuungana na jirani yake. Mwaka uliofuata George Pollock wa London alitumia njia hiyo kwa msichana aliyekuwa na kidonda cha moto kisichopona. Wakati huo hapakuwa na taa ya umeme katika vyumba vya upasuaji, wala dawa za kuua bakteria za kumeza au za sindano.

Baadaye wapasuaji walitamani vipande vipana zaidi. Louis Ollier wa Ufaransa mwaka 1872, na Karl Thiersch wa Ujerumani mwaka 1874, walieleza namna ya kuchuna ngozi nyembamba na pana kwa kisu cha mkono. Mwaka 1914 John Staige Davis wa Marekani alirudia vipande vidogo, lakini vyenye kina zaidi kuliko vya Reverdin, na njia yake ndiyo inayofuatwa hata leo popote vipande hivyo vinapotumika. Mashine zilikuja nyuma ya yote hayo: chombo cha ngoma cha Earl Padgett mwaka 1939, kisu cha umeme cha Harry Brown mwaka 1948, na mwaka 1964 chombo cha Tanner cha kutoboa ngozi iwe kama wavu ili itandazwe juu ya eneo kubwa.

Mashine hizo ni nzuri, na kwa mgonjwa aliyeungua sehemu kubwa ya mwili huokoa maisha. Lakini mpangilio wa miaka hiyo una fundisho. Kwa miaka 70 kabla ya mashine ya kwanza, watu walipandikiza ngozi na vidonda vilifungwa. Anayesema kuwa bila mashine haiwezekani amekisoma kitabu kuanzia ukurasa wa mwisho.

Nasi hapa Kilimanjaro tumeishi karibu na historia hiyo. Shirika la AMREF, lililoanzishwa mwaka 1957 na kujulikana kwa madaktari wake wa kuruka kwa ndege, liliasisiwa na wapasuaji watatu: Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees. Wood alikuwa na shamba huko Ol Molog, chini ya Mlima Kilimanjaro. Wote watatu walikuwa mabingwa wa upasuaji wa kurekebisha maumbile, na McIndoe alipata sifa kubwa kwa kuwatibu marubani walioungua katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Tangu wakati wao tumepiga hatua. Hospitali ya Rufaa ya KCMC ilifunguliwa mjini Moshi mwaka 1971, na Upare una hospitali zake, kama zile za Usangi, Same na Gonja. Hata hivyo, wazo la kwamba ngozi hupandikizwa na bingwa peke yake, naye ama atashuka kwa ndege ama atafuatwa mjini, limebaki vichwani mwetu.

Vifaa vyenyewe

Tueleze sasa kazi inavyofanyika, ili msomaji aone kwamba hatusemi kwa nadharia tu. Maelezo haya ni ya kuelimisha. Kazi yenyewe ni ya tabibu aliyefunzwa, katika chumba safi, na kwa vifaa vilivyotakaswa. Mtu asiijaribu nyumbani.

Njia ya kwanza ni ya vipande vidogo. Tabibu huchoma dawa ya ganzi katika sehemu ndogo ya paja. Kisha huingiza ncha ya sindano kwa ulalo ndani ya ngozi na kuiinua, ngozi ikasimama kama hema dogo. Kwa kisu kidogo cha upasuaji au kipande cha wembe kilichobanwa kwa koleo, hulikata hema hilo chini ya sindano. Kinachopatikana ni kipande cha mviringo chenye upana wa milimita 3 hadi 5, kinene kidogo katikati na chembamba pembeni. Hukilaza juu ya kidonda, upande mbichi ukiwa chini, na kuchukua kingine. Kazi ikiisha hufunika yote kwa shashi yenye vaselini isiyong'ang'ania, akafunga bendeji imara, na kuacha bila kufungua kwa siku 5 hadi 7, isipokuwa pawe na harufu mbaya, homa au maumivu yanayozidi.

Njia ya pili ni ya kuchuna ngozi nyembamba iliyo pana kidogo. Hapa wembe wa kawaida una nafasi kubwa zaidi. Uko wembe uliobanwa kwa koleo ya kubania mishipa, na uko wembe uliotiwa katika mpini maalumu wenye kijiti kinachozuia usizame. Kisu kijulikanacho kwa jina la Silver kimeundwa hivyo: hutumia wembe wa kunyolea kama ulivyo, na ubutu ukiingia wembe hutupwa na mwingine hutiwa. Ngozi inayotafutwa ina unene wa kati ya milimita 0.2 na 0.4. Mwanafunzi na akamate karatasi nne za daftari pamoja. Huo ndio upeo wa unene wenyewe. Inavutia kuona kwamba chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya kunyolea ndevu kina makali yanayotosha kazi nyembamba kiasi hicho.

Vifaa hivi huweza kutakaswa kwa mvuke wenye nguvu, katika chungu cha mgandamizo, kwa nyuzijoto 121 kwa muda wa dakika 15 hadi 20. Chungu hicho huweza kukaa juu ya jiko la mafuta au la mkaa mahali pasipo na umeme. Wembe uliokwisha kutumika hautumiki kwa mgonjwa mwingine. Magonjwa ya UKIMWI na homa ya ini yametufundisha hilo kwa gharama kubwa.

Hesabu ya kingo

Walimu wa hisabati watafurahi kwamba siri ya vipande vidogo ni siri ya mzingo. Chukua kipande cha mraba chenye upande wa milimita 20. Eneo lake ni milimita za mraba 400, na mzingo wake ni milimita 80. Kikate kuwa miraba 16 yenye upande wa milimita 5. Eneo ni lile lile, lakini mizingo yote kwa pamoja sasa ni milimita 320. Kwa kuwa ngozi mpya huota kutoka kwenye kingo, tumezidisha mara nne mahali pa kuotea bila kuongeza ngozi hata kidogo.

Sasa tukitazame kidonda. Kidonda cha duara chenye kipenyo cha sentimita 10 kina eneo linalokaribia sentimita za mraba 78. Kikiachwa kijifunge kwa kutambaa kwa ngozi peke yake, seli za pembeni zinapaswa kwenda sentimita 5 ndipo zikutane katikati. Tupande humo vipande vya milimita 5, kila kimoja umbali wa sentimita 1 kutoka kati ya kimoja hadi kati ya kingine. Tutahitaji takribani vipande 78, ambavyo eneo lake lote ni kama sentimita za mraba 15 tu, yaani moja ya tano ya kidonda. Na hakuna seli itakayohitaji kusafiri zaidi ya milimita 5. Safari imepunguzwa mara kumi.

Mkulima wa mpunga wa Ndungu, wilayani Same, ataitambua hesabu hii mara moja. Yeye hafuniki jaruba zima kwa miche. Huiacha nafasi kati ya mche na mche, kwa maana ajua kuwa kila mche utatanuka. Vivyo hivyo ajua kwamba miche haipandwi penye magugu. Kidonda chenye usaha na nyama iliyokufa hakipandwi. Hakina budi kusafishwa kwa siku kadhaa hadi kiwe chekundu, bapa, na kisichotoa harufu. Bakteria wa aina ya streptokoka wakiwamo, huyeyusha vipande vyote kwa usiku mmoja. Na mgonjwa mwenye upungufu mkubwa wa damu au utapiamlo hupaswa kulishwa na kutibiwa kwanza. Maharage, mayai na maziwa ni sehemu ya upandikizaji sawasawa na wembe.

Majibu kwa wanaopinga

Wako wataalamu watakaosema kuwa njia ya vipande vidogo imepitwa na wakati. Husema kuwa huacha ngozi yenye vinundu kama barabara ya kokoto, na huacha vishimo pajani. Maneno hayo ni ya kweli, na ni wajibu kuyakubali. Kwa sababu hiyo vipande vidogo havifai usoni, wala kwenye viganja, wala kwenye viungo vinavyokunjika. Kidonda cha kiwiko au goti hutaka ngozi pana iliyochunwa kwa kisu cha mkono, pamoja na banzi la kunyoosha kiungo hadi ngozi ishike, na mazoezi kwa miezi baada ya hapo. Majeraha makubwa ya moto, yale ya uso na ya viganja yapelekwe hospitali ya rufaa mapema, bila kusubiri.

Lakini tujiulize, vinundu vya ngozi vinalinganishwa na nini? Vikilinganishwa na kazi nzuri ya bingwa mwenye mashine, vinashindwa. Vikilinganishwa na kidonda cha muundi kilichokaa wazi kwa mwaka mzima, kinachonuka, kinachomzuia mtu kulima na kumfanya ajitenge na wenzake ibadani, vinashinda bila shaka yoyote. Mkulima mwenye kidonda cha mguu, kijana aliyeburuzwa na pikipiki, mgonjwa wa kifafa aliyeangukia mafiga: hao hawachagui kati ya ngozi laini na ngozi yenye vinundu. Huchagua kati ya ngozi na kidonda.

Tena, njia hii haikuachwa na mataifa tajiri kama inavyodhaniwa. Nchini Sweden, katika miaka ya 1990, madaktari wa vituo vya kawaida vya afya ya msingi waliwapandikizia vipande vidogo wazee wenye vidonda sugu vya miguu, na kuchapisha matokeo yao. Ikiwa nchi yenye kila aina ya mashine haikuona aibu kutumia sindano na kisu kidogo mahali vinapofaa, aibu yetu yatoka wapi?

Pingamizi la pili ni kwamba kazi hii ni hatari mikononi mwa asiye bingwa. Hapa nchi yetu ina jibu la vitendo. Tangu mwaka 1963 Tanzania ilifundisha madaktari wasaidizi, watu waliotoka katika ngazi ya utabibu wa vijijini, kufanya upasuaji ambao kwingineko ulikuwa wa madaktari wenye shahada peke yao. Utafiti uliofanyika katika mikoa ya Mwanza na Kigoma na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba sehemu kubwa sana ya upasuaji wa dharura kwa wajawazito ilifanywa na madaktari wasaidizi, na kwamba matokeo yao hayakuwa duni yakilinganishwa na ya madaktari. Mtu aliyefunzwa kumtoa mtoto tumboni kwa usalama hawezi kushindwa kujifunza kuchukua vipande vya ngozi vya milimita 5. Kinachotakiwa ni kumfunza kwa utaratibu, kumsimamia, na kumwonyesha wazi mpaka ambao hapaswi kuuvuka.

Nini kifanyike

Kwanza, upandikizaji wa vipande vidogo na uchunaji kwa kisu cha mkono uwe sehemu ya mafunzo ya kila tabibu atakayepewa chumba cha upasuaji, naye asihitimu kabla ya kuufanya kwa mikono yake mbele ya mwalimu. Ufundi huu haujifunzwi kwa kusoma. Kina sahihi cha wembe hujulikana kwa vidole na macho: vitone vidogo vingi vya damu vikionekana pajani, kina ni sawa, mafuta ya manjano yakionekana, wembe umezama mno.

Pili, yaandaliwe makasha ya vifaa vya upandikizaji, kila kasha likiwa na mpini wa kisu, nyembe, sindano, koleo, mbao mbili laini za kunyooshea ngozi, shashi na chupa ya vaselini. Kasha la namna hii likipitia Bohari ya Dawa kama vifaa vingine, tabibu wa mlimani hatahitaji kuokoteza kimoja kimoja.

Tatu, mipini hiyo itengenezwe hapa nchini. Kusema hivi katika Upare ni kurudi nyumbani. Wahunzi wa ukoo wa Washana, katika Ugweno ulio juu ya Kifaru, walikuwa wakiyeyusha chuma na kufua majembe, mikuki na visu karne nyingi kabla ya reli, na Wachaga walikuwa miongoni mwa wateja wao. Mpini wa kushika wembe, wenye kijiti cha kupimia kina, si kazi iliyo mbali na uwezo wa karakana zetu za vyuo vya ufundi na za viwanda vidogo, wakitumia chuma kisichoshika kutu na vipimo vya milimita. Bila shaka kifaa cha hospitali hakiuzwi kama jembe. Hakina budi kupimwa, kuchemshwa mara nyingi bila kupinda, na kuidhinishwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Lakini masharti hayo yachukuliwe kuwa ngazi ya kupandia. Yasigeuzwe ukuta.

Nne, shule zishiriki. Mwalimu wa baiolojia aifundishe ngozi kwa mfano wa kidonda. Mwalimu wa hisabati awape wanafunzi karatasi na mkasi waithibitishe hesabu ya mzingo iliyotolewa hapo juu. Na kila mwanafunzi arudi nyumbani na maarifa haya machache: aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20; asipakwe dawa ya meno, unga, mafuta wala kinyesi cha ng'ombe; afunikwe kwa kitambaa safi; apelekwe kwenye tiba siku hiyo hiyo. Na mafiga yainuliwe juu ya jukwaa la udongo, mahali ambapo mkono wa mtoto wa miaka miwili haufiki. Jeraha ambalo halikutokea halihitaji wembe wala bingwa.

Tano, na hili ni la wazazi na walimu kwa pamoja, kidonda chochote kisichoonyesha dalili ya kufunga baada ya majuma matatu kiulizwe swali: je, hiki hakitaki kupandikizwa ngozi? Mara nyingi mgonjwa hukaa miezi akibadilishiwa bendeji kwa sababu hapana mtu aliyeuliza swali hilo. Mwalimu wa darasa anayemwona mwanafunzi wake akichechemea kwa muhula mzima ana haki ya kuliuliza, na ana wajibu.

Mashine zitakuja, na zikija tutazipokea. Lakini mtoto aliyeungua jioni ya leo kule Kifaru ana majuma machache tu kabla kidonda chake hakijaanza kuvuta kiwiko. Sayansi ya kumsaidia ilijulikana tangu mwaka 1869, wembe unauzwa katika duka lililo kando ya barabara, na ngozi anayo mwenyewe pajani. Kinachokosekana ni mtu mmoja aliyefunzwa aliye karibu naye, na kumpata mtu huyo ni jambo lililo ndani ya uwezo wetu.